Ng'ombe wa Daktari wa Bahari

Anastase alikuwa amekaa kwenye kochi la mapokezi ya hoteli moja ya ufukweni Gisenyi, akijifanya anamsubiri mtu. Hakuna mtu aliyekuwa anakuja. Pale palikuwa na intaneti ya bure, jagi la maji yenye vipande vya limau na upepo wa ziwa, na mwanamume aliyevaa shati lililopigwa pasi haulizwi swali mpaka saa sita mchana. Wajanja wenzake mjini walikodi ofisi. Yeye alikuwa na kochi.

Asubuhi hiyo mama mmoja aliyevuka mpaka kutoka Goma, mwenye kitenge kipya na njaa ya safari, alisimama mbele ya tangi kubwa la kioo lililojaa kitu cha kijani. Akakitazama kwa hamu. Kisha akamwuliza msichana wa mapokezi kama ile sombe, mboga ya majani ya muhogo, inauzwa kwa sahani ama kwa kilo.

Ile haikuwa sombe, ilikuwa bahari. Mwenye hoteli, Afande Rutagengwa, mwanajeshi mstaafu aliyekulia Karagwe huko Tanzania, alikuwa ameinunua hoteli kwa Mzungu mmoja aliyerudi kwao, na aliinunua pamoja na vilivyomo: vitanda, masufuria, mashine ya kukatia nyasi, na bahari. Lilikuwa tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe hai na samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Enzi za Mzungu watu walikuja kupiga nalo picha za harusi. Sasa mwani ulikuwa umeota humo mrefu kama nywele, umefunika mawe, matumbawe na kioo chenyewe, na samaki alionekana kwa bahati.

Afande alikuwa amesimama kwenye ngazi, na alisikia kila neno la yule mama. Anastase akaweka glasi chini. Alikuwa amewahi kuuza dawa ya kufanya chaji ya simu isiishe, na amewahi kuuza maji ya baraka ya Ziwa Kivu kwa watu wanaokaa kando ya Ziwa Kivu, kwa hiyo uso wa mwenye mali aliyeaibishwa mbele ya wageni aliujua kama anavyojua njia ya kwao.

Na mwezi huo alikuwa na haja kuliko wakati wowote. Alimpenda Umuhire wa Mahoko, alimpenda kweli, kiasi kwamba alikuwa hajawahi kumuuzia kitu chochote. Tatizo lilikuwa mama yake Umuhire, Mukarugwiza, mjane aliyefanya biashara ya maharage na viazi pale mpakani Petite Barrière miaka mingi. Mama huyo alikuwa ameshauziwa mbuzi kwenye gunia na kila aina ya tapeli wa pande zote mbili za mpaka, na sasa aliwatambua kwa harufu. Siku Anastase alipopeleka posa, alimwambia maneno machache. "Mi sitaki bahasha, sitaki photo ya ngombe mu telefone. Nataka ngombe iko na macho. Anitazame, na mi nimutazame. Mwezi ikiisha, mulango nafunga." Nyuma ya mlango huo kulikuwa na karani mmoja wa kodi, naye mposaji, ambaye baba yake alikuwa na zizi zima.

Kwa hiyo Anastase hakuwa anatafuta pesa. Alitaka ng'ombe, na ukuta wa mapokezi pale hotelini, mahali ambapo watu wengine hutundika picha za watoto wao, ulikuwa umejaa picha za ng'ombe wa Afande wanaokaa shambani kwake Cyanzarwe, kila mmoja na jina lake chini.

Akainuka. Akaenda mbele ya tangi, akavua kofia, akaegemeza sikio kwenye kioo na kufumba macho. Akabaki hivyo mpaka Afande mwenyewe akashuka ngazi kuja kumwuliza anafanya nini.

"Pole pole, Afande. Namusikiliza. Iko nalia."

"Nani analia?"

"Bahari."

Afande hakucheka. Alikuwa mtu mrefu, mpole, ambaye alikuwa ametafuta msaada wa tangi lile mpaka akachoka. Anastase akajitambulisha kwamba ni daktari wa bahari, kwamba alisomea Moanda, kule ambako Kongo inagusa chumvi. Ukweli ni kwamba upande wa magharibi hakuwahi kuvuka Sake, mji jirani wa Goma. Lakini alisema Moanda kwa sauti ya mtu aliyeacha kitu huko, na Afande akamvutia kiti.

Mgonjwa mzuri ni yule anayejieleza mwenyewe, na Afande alijieleza. Alisema mwanzoni kijani kile kilimfurahisha, maana kwao Karagwe ukiona malisho mabichi unamshukuru Mungu. Alisema mifugo yake haijawahi kushinda njaa, kwa hiyo samaki aliwalisha asubuhi, mchana na jioni, na akipita usiku aliwaongeza kidogo. Taa za tangi hazikuzimwa kamwe, wasije wakaogopa giza. Maji yakipungua, mlinzi alijaza kwa dumu kutoka ziwani, kwa sababu ziwa liko hapo hapo na ni la bure. Na kila asubuhi aliwasimamia samaki na kuwasalimu "Amashyo", salamu ya kumtakia mtu mifugo mingi, ingawa hawakuwahi kuitikia.

Anastase alisikiliza yote akitikisa kichwa, na kila akitikisa kichwa alitupia jicho ukutani, kwenye picha ya ng'ombe mmoja mwekundu aliyeandikwa Bihogo. Kisha akatoa hukumu.

"Bahari na ziwa ni bibi wawili ya bwana moja, Afande. We unamupa huyu maji ya mwenzake kila asubuhi, unawaza atacheka? Na iko na wivu, inakula na hasira, donc ndiyo sababu inaota nywele."

Masharti yalikuwa matatu. La kwanza, tangi lisiguswe tena na maji ya ziwa. Liongezewe maji ya chupa tu, na chupa zikabidhiwe kwa daktari, ambaye alikuwa na kiu. La pili, samaki wafunge, na chakula chao, kamba wa barafu waliotoka Kigali kwa basi, kikabidhiwe kwa daktari vilevile, awafungulie saumu kwa niaba yao. La tatu, taa zote zizimwe na tangi lifunikwe shuka jeusi, maana bahari ni mwanamke na haitibiwi mbele ya watu. Hili la tatu ndilo lilikuwa roho ya mpango. Chini ya shuka jeusi hakuna anayejua kama kuna mabadiliko ama hakuna.

Ikabaki habari ya malipo. Anastase akainua mikono kama aliyepewa kitu kichafu. Daktari wa bahari halipwi, akasema. Akipokea kitu kwa mkono wake, dawa inakufa. Kisha sauti ikamlegea kidogo, na machozi, ambayo aliyaweka karibu kama watu wengine wanavyoweka chenji, yakasogea. Akaeleza kwamba kuna mama mmoja mjane kule Mahoko, mkali lakini wa haki, anayemwomba ng'ombe mwenye macho ili ampe binti yake.

"Mi sitaki kitu, Afande. Lakini kama roho inakusukuma, ngombe iende kwa ule mama. Si kwangu. Kwangu hapana."

"Anaitwa nani huyo mama?"

"Mukarugwiza."

Afande akaliuliza jina mara ya pili, na kama mume wake alikuwa marehemu Gasana, na Anastase akajibu ndiyo, huyo huyo. Mzee akatazama ziwa muda mrefu. Halafu akatabasamu, akampa mkono, akasema ng'ombe ataenda kwa Mukarugwiza. Anastase alirudi kwenye kochi lake akiwaza kwamba kwa miaka yote ya kazi hajawahi kuona samaki anayemeza ndoano pamoja na fimbo.

Matibabu yakaanza. Ili aonekane anafanya kazi, siku ya kwanza alikunja shati, akatumbukiza mkono kwenye maji ya chumvi na kusugua mawe kwa mswaki, aking'oa mwani kwa mafungu na kuujaza ndoo, mpaka ngozi ikamwasha na akajuta kwa nini hakuchagua udaktari wa kitu kikavu. Baada ya hapo shuka likashuka na kazi ikawa nyepesi. Kila mchana alikaanga kamba wa mgonjwa jikoni, akawala kwa bugali, akateremshia kwa maji ya chupa. Wafanyakazi aliwaamuru watembee pekupeku na waseme kwa kunong'ona. Kwenye simu aliweka sauti ya mawimbi ya bahari ili mgonjwa asisahau kwao, na mawimbi ya kweli ya Kivu yakawa yanapiga nje ya dirisha bila kutambuliwa na mtu.

Wageni walioingia na kukuta shuka jeusi, watu pekupeku na kimya kizito walivua kofia. Mchungaji mmoja aliyekuja kwenye semina alimshika Afande bega, akamwuliza marehemu alikuwa nani wake. Afande akajibu kwamba hajafa, tunasubiri. Mchungaji akaomba maombi marefu kidogo.

Anastase alitaka kumchukua ng'ombe Ijumaa na kupotea kabla shuka halijatolewa. Alisema bahari inapona vizuri zaidi daktari akiwa mbali. Afande akamwambia, kwa upole ule ule, kwamba ng'ombe hatolewi kwa kificho kama bangi. Hutolewa mchana, mbele ya watu, na kesho ni umuganda, kwa hiyo majirani wote wakishamaliza kazi ya pamoja ya kufyeka barabara watapita hotelini kunywa maji na kushuhudia.

Hivyo Jumamosi ilimkuta Anastase kati ya tangi na mlango, na mlangoni wamejaa majirani waliotoka umuganda, kila mmoja na jembe ama panga la kufyekea. Aliupima ule umbali kwa macho. Akalipima dirisha pia. Alimwona Umuhire moyoni mwake, ameketi kwenye kiti cha harusi karibu na karani wa kodi, na akajisikia vibaya kweli, si kwa mchezo.

Afande akavuta shuka.

Maji yalikuwa meupe. Mawe yalionekana mawe, matumbawe ya zambarau yalikuwa yamefungua mikono, na samaki wa rangi ya chungwa wakaja mbele ya kioo wote pamoja, wakiuliza chakula kiko wapi. Mwani uliobaki ulikuwa umepauka na kulala chini kama sombe iliyochacha. Majirani wakapiga makofi. Aliyeshangaa kuliko wote alikuwa daktari, ila yeye alikuwa na uzoefu wa kuficha.

Hapa inafaa tuutendee haki mwani. Yeye huota palipo na mwanga mwingi, chakula cha kubaki na maji yenye mambo yake. Ukimnyima vyote vitatu, hana ubishi, anafunga virago. Anastase alikuwa amezima taa ili afiche, amezuia chakula ili ale, na amekataza maji ya ziwa ili anywe ya chupa. Tamaa yake ilikuwa imefanya kazi ya mtaalamu bila kumwarifu. Akili nyingi huondoa maarifa, lakini siku moja moja uchoyo huyarudisha kwa mlango wa nyuma.

Afande akainua mkono, watu wakatulia. Akamwomba daktari arudie mbele ya mashahidi lile alilosema kuhusu malipo. Anastase, aliyekuwa amelewa ushindi, alirudia kwa sauti ya kanisani. Hataki kitu. Kwake hapana. Ng'ombe aende kwa mama Mukarugwiza. Akalia kidogo, na mara hii nusu ya machozi yalikuwa ya kweli. Majirani wakasema mtu kama huyu hawajamwona wilaya nzima ya Rubavu, na katika hilo hawakukosea.

Kwa kuwa Anastase hakuwa na baba mjini, Afande alijitolea kuwa msemaji wa upande wake siku ya mahari. Nani angekataa? Afande mstaafu, mwenye hoteli na suti tatu. Alisema pia kwamba Bihogo asipakiwe kwenye lori, maana ng'ombe wa heshima hufika kwa miguu yake, na kwamba amwongoze Anastase mwenyewe kutoka Cyanzarwe mpaka Mahoko.

Njia ile ina vilima, na Bihogo alipenda kusimama kila penye majani. Anastase alimvuta, akamsukuma, akamsihi kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Kila aliyekutana naye alimwapia kwa kiapo ambacho kwetu huapwa na mtu aliyepewa ng'ombe na mkubwa: "Yampaye inka Rutagengwa!" Rutagengwa amenipa ng'ombe. Kilimjaa mdomoni vizuri. Karibu na njia panda mchinjaji mmoja alimsimamisha, akampapasa Bihogo mgongoni, akataja bei ambayo ingemfikisha mtu Kampala na kumwachia ya kuanzia maisha. Anastase alisimama pale na kamba mkononi. Maisha yake yote yalikuwa yamemfundisha nini cha kufanya. Bihogo akamtazama kwa yale macho makubwa aliyoyataka Mukarugwiza, na Anastase akaivuta kamba, akaendelea na kilima, akijitukana.

Siku ya mahari ua wa Mukarugwiza ulijaa. Mahema mawili, viti vya kukodi, wazee wa pande zote wameketi wakitazamana. Msemaji wa upande wa bibi harusi, mzee Ndayisenga, alifanya kama desturi inavyotaka: akajifanya hawajui wageni, akadai binti wanaye wengi na hajui ni yupi, akawacheka, akawasamehe. Umuhire alikuwa ndani, akichungulia kwenye pazia. Vijana wakatumwa nje kumkagua ng'ombe, wakarudi wakimsifu pembe, wakimsifu rangi. Mukarugwiza mwenyewe akatoka, akasimama mbele ya Bihogo. Wakatazamana. Mama akatikisa kichwa kukubali.

Afande Rutagengwa akasimama na fimbo yake.

"Mama Mukarugwiza," alisema, "mwaka niliporudi nchini kutoka Karagwe sikuwa na hata kikombe. Mumeo Gasana alinipa ng'ombe. Ukoo wote wa ng'ombe wangu umetoka kwake. Desturi ilinitaka nimrudishie mtamba, na kila nilipotaka kurudisha, akazaliwa dume, ama ugonjwa ukaingia, halafu Gasana akafariki na mimi nikaona aibu kukanyaga ua huu. Leo nimekuja kwitura, kurudisha fadhila ya ng'ombe. Bihogo ni mjukuu wa ng'ombe wa Gasana. Amerudi nyumbani."

Ua mzima ukalipuka kwa makofi. Wazee waliinuka kumkumbatia Afande, na Mukarugwiza alifuta macho kwa ncha ya kitenge, maana jina la marehemu lilikuwa halijatajwa kwa heshima kama hiyo tangu msiba. Anastase alipiga makofi pia, kwa nguvu, mpaka viganja vikaanza kumwambia jambo ambalo kichwa kilikuwa hakijalifikia.

Watu wakaketi. Mzee Ndayisenga akakohoa, akatengeneza shuka lake begani, akageukia upande wa wageni.

"Bon. Ile deni ya zamani imeisha, Mungu apewe sifa. Sasa tuingie mu mambo ya leo. Mukwe amekuja na nini?"

Anastase akamtazama Afande. Afande akamtazama kwa upendo.

"Afande," akanong'ona, "ule ngombe..."

"Ulisema kwako hapana, kijana wangu. Ulisema mara mbili, na mara ya pili kulikuwa na mashahidi wenye majembe. Ulisema aende kwa mama. Si huyo hapo?" Kisha akainama karibu na sikio lake. "Mimi nimechunga tangu utoto. Mtu aliyekuja kutibu samaki hatazami picha za ng'ombe namna ile."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Anastase alikuwa amekichimba hiki kwa machozi yake mwenyewe. Alitia mkono mfukoni kutafuta neno, ahadi, hadithi, chochote. Kilichotoka ni mswaki wa kusugulia mawe, ungali na uzi mmoja wa kijani. Nyuma ya pazia mtu alicheka mpaka akakosa pumzi, na kwa kicheko kile Anastase alimtambua Umuhire, na akaona kwamba si kicheko cha mtu anayekwenda kuolewa na karani.

Mukarugwiza akamsogelea. Alimtazama kwa makini kama alivyomtazama Bihogo.

"We Anastase. Kutoka Cyanzarwe mpaka hapa, bachinjaji wako bangapi mu njia?"

"Benyi, Mama."

"Na ngombe yangu umenifikishia muzima, na mukia yake, na pembe yake. Mi sikuwazaka siku moja we unaweza shika kitu ya mutu mukononi na haiuzi. Mulango sifungi. Lakini yangu umeleta. Sasa leta yako."

Yake ipo, isipokuwa haijazaliwa. Kule Cyanzarwe Afande ana ng'ombe mwingine mwenye mimba, na ameahidi mbele ya wazee wale wale kwamba akizaa jike, na siku hiyo tangi likiwa jeupe, ndama ni wa Anastase. Kwa hiyo ukiingia hotelini leo asubuhi utamkuta yule aliyekuwa akikaa kwenye kochi akiwa amesimama juu ya kigoda, mkono mmoja umezama majini hadi begani, anasugua. Amewaambia wapishi wasiwape samaki hata punje bila ruhusa yake. Mlinzi akipita na dumu la maji ya ziwa, anamfukuza kwa maneno makali. Taa anazima mwenyewe. Wageni wanapiga tena picha za harusi, na yeye anawaangalia kwa uchungu, kisha anampigia mchunga ng'ombe wa Cyanzarwe simu kumwuliza kama tumbo la ng'ombe limekaa upande wa jike.

Wenzake wa zamani humcheka wakipita, wakimtaka aape kama alivyoapa njiani siku ile. Hawezi. Kiapo kile ni cha mtu ambaye Rutagengwa amempa ng'ombe, na siku yake itafika Mungu akipenda. Kwa sasa anaapa kwa mswaki.